Saundibaa ya Gaspar

Fundi Shomari alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia, kichwa kimezama nyuma ya meza ya kompyuta, na Marietha alisimama juu yake akiomba kimoyomoyo ashindwe.

Saundibaa, ile spika ndefu iliyotundikwa chini ya televisheni, ilikuwa bubu tangu wiki iliyopita. Gaspar, mume wa Marietha, alishahangaika nayo mwenyewe. Alinunua waya mpya, ikaimba siku moja, ikanyamaza tena. Muda wote huo alikuwa mpole nyumbani kama mgeni. Asubuhi hii, kabla ya kwenda kazini, alimleta Shomari, akamwambia mkewe kwamba akirudi jioni anataka kuisikia.

Shomari alianza na kompyuta, ambayo ndiyo iliyopigia nyimbo. Kuna mtu aliielekeza sauti itokee kwenye skrini badala ya saundibaa, akairekebisha. Kimya. Akaona sauti imewekwa katika mfumo ambao saundibaa hiyo haiusomi. Akaurudisha wa kawaida. Kimya. Akauliza kwa nini wasitumie blutuuthi tu, akajibiwa kwamba wakati wa masika umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza njia nyingine zote za kuiunganisha, ikabaki hii moja ya waya wa mwanga.

"Mzee anapenda nyimbo gani?" aliuliza, akitafuta wimbo wa kujaribia.

"Huwa hachagui," alisema Marietha. "Anachotaka ni sauti kubwa."

Shomari alivuta pazia chumba kipate giza, akauchomoa waya upande wa saundibaa. Alimweleza kwamba waya huu haupitishi umeme, unapitisha mwanga. Ukiwa mzima, ncha yake huwaka nyekundu. Ncha ilikuwa nyeusi. Akaisogeza karibu na macho, akaikwaruza kwa kidole, kisha akakaa kitako akacheka. Ilikuwa imepakwa rangi ya kucha.

"Sista, humu ndani kuna mtu hataki muziki."

"Ni mie."

Hakuinamisha macho wala hakutabasamu.

Shomari alidhani ni vile vita vidogo vya mke na mume. Akamsimulia kwamba hata mkewe hazipendi nyimbo zake za singeli, ila wamekubaliana Jumapili asizidishe. Akamshauri akae na Gaspar wayamalize. Marietha akasema alishakaa naye sana. Akamwomba aseme tu kwamba kifaa kimekufa. Fundi akakataa kwa upole: Gaspar ni mtu wa watu, kesho angeleta fundi mwingine, na jina la Shomari lingechafuka Goba nzima. Akalowesha kitambaa kwa spiriti, akafuta. Ncha ikawaka kama kaa la moto. Akauchomeka waya, na rumba ikalipuka mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

Ng'ambo ya ukuta Bi Maisa, jirani yao, alikuwa akianika nguo. "Afadhali, shoga!" alipaza sauti. "Nilidhani mmehama."

Mtaa mzima uliijua nyumba ile kwa muziki wake. Saluni, wanawake walimwambia Marietha ana bahati: wanaume wao wanakesha baa, wa kwake anarudi mapema, anafunga madirisha na kujifungia na mkewe na rumba yao. Siku moja walimtania mpaka akanyanyuka kwenye kiti akaondoka, nywele zimesukwa nusu.

Marietha aliuzima muziki. Akachukua bisibisi kwenye mkoba wa fundi, akapiga magoti mbele ya saundibaa, akaisukuma bisibisi ndani ya tundu la waya, akaizungusha kwa mikono miwili mpaka plastiki ikalia na vipande vikaanguka zuliani. Kisha akaifuta bisibisi kwa kanga na kuirudisha ilikotoka.

Shomari alijishika kichwa. "Sista, jamaa atakuua."

"Anaweza kujaribu," alisema Marietha. "Ukiulizwa, usifiche. Mwambie ni mie, tena nilikuwa na akili zangu timamu."

Fundi hakungoja hata chai. Aliondoka akitikisa kichwa, akijiuliza mwanamke anawezaje kuchukia nyimbo kiasi kile.

Marietha alifagia vipande. Akafungua madirisha yote, akayafunga mapazia fundo ili upepo upite. Akapika, akaoga, akavaa gauni lake la kwenda kanisani, akaketi kwenye kochi linalotazama mlango. Hofu ilikuwepo, tena nyingi, lakini hakuondoka pale. Ile rangi ya kucha aliipaka kwa kuviziavizia, na kila alipokumbuka alijiona mwizi katika nyumba yake mwenyewe. Leo hakutaka kuvizia.

Gaspar aliingia jua likiwa bado juu ya vilima. Aliweka funguo mezani, akauliza fundi amefikia wapi.

"Fundi alitengeneza," alisema Marietha. "Mie nimeivunja. Na ukileta nyingine nitaivunja pia."

Gaspar hakugomba. Alirudi mlangoni akaukomea, hakukumbuka madirisha, akashika rimoti na, kwa mazoea, akabonyeza kupandisha sauti hadi mwisho, kama alivyofanya kila mara kabla ya kuvua mkanda.

Chumba kilikuwa kimya. Marietha akavuta pumzi, na yowe ambalo mtaa ule haujawahi kulisikia likapita dirishani hadi kwa Bi Maisa. Mkanda haujashuka mara ya pili, geti likaanza kugongwa.