Pipa la Gesi

"Mwambie Maliro anapumua," Daktari Timothée alisema, huku akimfunika Emérence uso.

Virginie, muuguzi wake, alibaki na mkasi mkononi. "Docteur, huyu ni bibi yake wa ndoa!"

"Na ule pale ni mutoto wa nani?" Alionyesha machela mlangoni. Msichana wa miaka minane hivi alilala juu yake, tumbo limefungwa kitenge kilicholowa damu. "Maliro akijua, ataacha mashini. Nani mwingine anaiweza?"

Hakuna. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Beni kwa wiki tatu, mazutu ya jenereta kubwa yalikwisha, na hospitali nzima ya misheni, hapa nje ya Butembo, ilitegemea injini moja ndogo iliyokula gesi ya mavi ya ng'ombe. Asubuhi hiyo bomu liliwaangukia watu waliotoka sokoni Kalunguta. Maliro mwenyewe ndiye aliyewashusha majeruhi wawili garini, mkewe na yule msichana, kisha akakimbilia injini yake.

Virginie aliamuru Emérence atolewe kwa mlango wa mbele na geti, mbali na mashini. Mtoto akawekwa mezani.

Saa tano taa ya upasuaji ilififia. Virginie alitoka mbio. Maliro alikuwa juu ya pipa kubwa la gesi, lililoelea juu ya shimo la mavi nyuma ya jengo, akirundika mawe, ili uzito uisukume nje gesi iliyobaki. Vidole vyake vilichubuka vyote.

"Mugonjwa je?" alipaza sauti.

"Anapumua," Virginie alisema akitazama chini.

Maliro aliitika kwa kichwa, akashuka kufuata jiwe jingine.

Saa sita na nusu mashini ya oksijeni nayo ilianza kusita. Mawe yalikuwa yamekwisha. Maliro alikuwa ameshapakia magunia ya mahindi ya jikoni, na sasa alilala kifudifudi juu yake, mikono ameitandaza, kama mtu anayeziba shimo kwa mwili wake.

"Uzito hautoshi! Ita batu!"

Virginie aliwaita wapishi, wafua nguo, hata wagonjwa walioweza kutembea. Wakapanda mmoja mmoja, wakakaa wamebanana. Injini ikapata nguvu.

"Mugonjwa je?"

"Anapumua, Papa Maliro. Hapana kushuka." Aligeuka upesi, machozi yasionekane. Alikuwa mtu wa kanisa. Hakuwahi kumdanganya mtu mwenye msiba.

Saa nane daktari alikata uzi wa mwisho. Msichana alikohoa, akafungua macho, akamwita mama yake. Muda mfupi baadaye injini ilizima yenyewe. Gesi ilikuwa imekwisha kabisa.

Virginie alitoka polepole. Watu walikuwa wakishuka. Maliro alikuwa bado ameketi juu ya pipa, peke yake, shati lote tope. Virginie alipiga magoti palepale chini.

"Papa Maliro, unisamehe. Nimekudanganya siku nzima. Emérence..."

"Emérence alikufa kabla ya saa nne," Maliro alisema. "Nilimuona wakimupitisha kwa geti. Huku juu, geti yote inaonekana."

Alijifuta uso kwa kiganja.

"Mimi nilikuwa nauliza ule mutoto."