Simu ya Mwalimu Ndesanjo

Mwalimu Ndesanjo aliposimama kwenda chooni kwa mara ya saba, Foram aliacha kuutazama ubao, akamtazama mwamuzi.

"Dada Sia," alinong'ona, "sitaki kumvunjia mzee heshima. Lakini kila akitoka, akirudi hakosei."

Sia alikuwa ameshaona. Watu walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti kwa baridi ya Julai, kimya, wakiutazama mchezo wa mwisho wa mashindano. Mzee wa miaka sitini na tisa, aliyestaafu ualimu zamani, alikuwa anambana Foram, mfamasia ambaye tangu mwaka jana hakuna mtu mkoani aliyemfunga katika sataranji. Mfalme wa Foram alikuwa amesukumwa pembeni. Baada ya hatua tano au sita hivi, mchezo ungekwisha.

Sia mwenyewe alifundishwa mchezo huu na mzee huyo huyo, akiwa darasa la sita, kwa kete alizochonga mzee kwa mkono wake. Siku hizo mzee alimwita "binti yangu". Leo, tangu asubuhi, alikuwa akimwita "mwamuzi" tu, na Sia alipompa shikamoo aliitikia huku akitazama kwingine.

Mwezi wa tatu kijana mmoja alikamatwa na simu ndani ya soksi, programu ikimwelekeza kila hatua. Habari zikasambaa mtandaoni, na kwa wiki nzima wachezaji wa Arusha waliitwa wezi. Ndipo Sia akapeleka sheria mpya kwenye kikao: simu zote zibaki mlangoni, atakayekutwa nayo apoteze mchezo papo hapo, atajwe jina mbele ya watu, na afungiwe miaka miwili. Wengine walisema ni kali mno. Mwalimu Ndesanjo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuikubali.

Na asubuhi hii, alipoulizwa mlangoni kama ana simu, alisema hana.

Sia alimfuata. Vyoo vilikuwa nyuma ya ukumbi, karibu na migomba ya mchungaji. Alisimama nje ya mlango wa bati akasikiliza. Ndani mtu alikuwa anaongea, na haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa sauti ya chini, ya taratibu, ya mtu anayetoa maelekezo. Alinasa maneno mawili tu: "...kete nyeupe..."

Akagonga.

"Mwalimu, fungua. Fungua sasa hivi."

Sauti ikakatika. Mzee akatoka na simu mkononi, akijaribu kuiingiza kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akaukosa mfuko mara mbili.

"Nipe, Mwalimu."

"Hii ni yangu."

"Najua ni yako. Ndiyo shida yenyewe."

Akampa. Nyuma ya simu kulikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: SIKILIZA.

Angeweza kumtoa kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Lakini sheria ilikuwa yake, na kama angeilegeza kwa mwalimu wake, nani angemwamini tena? Alisimama mbele ya ukumbi, akataja jina, akataja kosa. Watu waliguna. Mmoja wa waliokaa nyuma akazomea, na wengine wakamfuata.

Mzee hakujitetea. Alimgeukia Foram.

"Nimesogeza vibaya?"

Foram akainamisha kichwa.

"Usinifanyie hivyo, Mwalimu," Sia alisema. "Kama kulikuwa na jambo, ungeniambia."

Mzee alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa karani wa benki. Kisha akaketi, akaanza kupanga kete upya, moja moja, kila moja mahali pake, tayari kwa mchezo mwingine.

Fomu ya adhabu ilikuwa na nafasi ya kueleza ushahidi. Sia aliketi kwenye meza ya waamuzi, Foram akasimama kando yake kama mlalamikaji. Simu haikuwa na namba ya siri. Sia alitafuta programu ya sataranji, hakuiona. Akatafuta tena. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa sauti, uliotumwa saa nane mchana, dakika chache kabla mchezo haujaanza.

"Huyo ndiye anayemwelekeza," alisema Foram. "Tumsikie ni nani."

Sia akabonyeza. Ukumbi ulikuwa umenyamaza, na sauti ikawafikia wote. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, aliyekuwa akijitahidi asilie.

"Baba Anande, usiogope. Hapo ulipo ni ukumbi wa kanisa, Engutoto, umekuja kucheza sataranji. Kete nyeupe ndizo zako. Unayecheza naye ni binti, anaitwa Foram. Mchezo wenyewe hujausahau, wewe cheza tu. Ukichanganyikiwa tena, toka kidogo unisikilize. Na ukimaliza, hapo mlangoni kuna mama mwenye sweta ya kijani, atakushika mkono. Leo usimsukume, baba. Ni mimi Marta, mke wako."