Kiti cha Bibi, Safu ya Tatu

Mwanangu Mbaraka anataka gari la safu tatu, kwa kuwa mkewe Zubeda ana mimba ya mapacha. Juzi wakanipeleka yadi ya magari, eti nichague kiti changu.

"Mama, nyuma ndiko kuzuri," Zubeda akasema kwa sauti ya kubembelezea mgonjwa. "Kuna nafasi, na kiyoyozi chake peke yake."

"Tena kiti kinakanda mgongo, Mama," mwanangu akadakia. Mgongo wangu! Mwaka mzima hajaniuliza kama unauma.

Waliniona kizee mjinga, mimi niliyekuwa karani wa mahakama ya trafiki miaka thelathini. Nani asiyeijua sheria ya sasa? Ajali ikiwa haiepukiki, gari hujigeuza lenyewe likapokea pigo kwa nyuma, ili safu mbili za mbele zipone. Ndiyo maana kiti cha nyuma hupambwa kama chumba cha maharusi.

Nikajipa moyo kwamba hawakusoma karatasi za gari. Mbaraka tangu shule ni mvivu wa kusoma. Nikapanda, nikakaa. Kweli, kilikanda vizuri.

Mjukuu wangu Nasra, binti yao wa miaka mitano, akapanda kunifuata. "Mimi nitakaa huku na Bibi kila siku!"

"Toka huko!" Zubeda akapiga ukelele, akamvuta mkono mpaka mtoto akalia. Mbaraka akajifanya anakagua matairi.

Gari lenyewe lilikuwa limezimwa, limeegeshwa yadini, halina hata namba.