Digidigi na Mayai ya Kanga

Katika chuo cha wanyama, kazi ya Digidigi ilikuwa kuandaa maabara kabla ya somo. Safari hii alikabidhiwa mayai ya Kanga, yaliyokuwa kwenye mashine ya kutotolesha, yaanguliwe kesho yake mbele ya wanafunzi.

Kipimajoto kilikuwa ndani ya mashine. Digidigi akafungua mlango, akakisoma: thelathini na saba. Akafunga. Punde si punde, akafungua tena. Thelathini na sita. Kufika adhuhuri kilisoma thelathini na tatu, naye akamkimbilia Kanga.

"Mama Kanga, nisamehe. Mashine imekufa, na watoto wako wamo ndani."

"Umeifungua mara ngapi?"

"Kila nilipoingiwa na wasiwasi."

Kanga akaenda maabara, akafunga mlango wa mashine, akauegemea. "Mimi nikiatamia, siinuki kila mara kuyatazama."

Hakubanduka pale mpaka wanafunzi walipofika. Ndani ya mashine kulisikika mlio mwembamba wa kifaranga, kisha wa pili. Kanga akasogea kando.

"Haya, sasa fungua."

Digidigi, aliyefungua mara arobaini bila kuambiwa, akaogopa kuugusa mlango.