Vitambaa vya Nguchiro

Wanyama wa vilima saba walikuwa wakikohoa kutwa, ndipo Nguchiro mdadisi akatundika kitambaa cheupe kwenye kila kilima. Baada ya wiki vyote vilikuwa vyeusi tititi.

"Chifu," Nguchiro alimwambia Kiboko, mwenye tanuru la matofali bondeni, "moshi wako unafika hadi vilimani kote. Tunga sheria."

Kiboko akaitunga papo hapo: vitambaa vifuliwe kila asubuhi! Vitambaa viling'aa, na Kiboko akatangaza kwamba hewa ni safi.

Siku moja kikohozi kilimkaba binti yake. Kiboko akanyakua kitambaa kilichofuliwa, akamfuta mdomo. Kikatoka na masizi matupu! Akamkimbilia Nguchiro.

"Nguchiro, nifanye nini?"

"Sheria ni yako, Chifu. Yafue mapafu yake."