Sura Iliyoshonwa

Katika maktaba ya mji ule, sura ya mwisho ya kila riwaya ya upelelezi hushonwa kwa uzi, asije mtu akamchungulia muuaji kabla ya wakati. Msomaji huufumua akifika hapo, kisha humshonea mwenziwe upya.

Mwanaheri, mshona nguo, hakuwa mtu wa kusoma kitabu asichojua asili yake.

"Hiki kilitokana na nini, Mzee Faki?"

Mkutubi alifurahi kuulizwa. "Kisa cha kweli hicho, mwanangu. Mwandishi alikuwa karani wa mahakama. Sonara alikufa kwa sumu, akanyongwa fundi nguo mmoja. Karani alikuwa amekwishamjua muuaji hasa, ila akanyamaza. Alitusimulia mwenyewe, hapo hapo ulipokaa. Angesema mahakamani, nani angenunua kitabu?" Akacheka mpaka akafuta macho. "Tulimpigia makofi."

Mwanaheri aliutazama ule mshono. Baba yake ndiye aliyemfundisha kushona namna ile, kabla askari hawajaja kumkamata dukani kwa kifo cha sonara. Tangu siku hiyo wapo majirani ambao hawajamwitikia salamu.

"Huyo fundi," aliuliza, "humu ndani anaitwa nani?"

"Fundi? Hakupewa jina. Ananyongwa ukurasa wa kwanza, habari yake inaishia hapo."

Mwanaheri akatoa mkasi mkobani.

"Aa, mwanangu, huko ni mwisho. Anza mwanzo upate utamu."

"Mwanzo naujua," alisema, akaupenyeza mkasi chini ya uzi.