Wanamchezea Mama

Eivind alizungusha mkono kwa nguvu mpaka rimoti ikamponyoka, ikabaki inaning'inia kwenye kamba ya kiganjani. Ndani ya televisheni, kwenye mchezo wa bolingi, tufe likaviringika, likaangusha pini zote kumi. Akaruka, akapiga dari kwa ngumi, mtu mzima na upara wake.

"Umekwisha leo, Dada! Utalia!"

"Hebu toka hapo," Turid akasema. Alikuwa amevua soksi asiteleze kwenye mbao, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

Mama yao, Borghild, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, raha imemjaa. Nani kama yeye Gjøvik nzima? Jirani yake Oddny ana watoto wanne, wamempeleka nyumba ya wazee na hata simu hawampigii. Wa kwake hawa hapa, wanamgombania mchana kweupe.

Nyumba ilikuwa imeshauzwa. Nyonga ya Borghild ilikuwa imegoma kabisa kupanda ngazi, na wenyewe wapya walikuwa wanaingia kesho. Kilichobaki ni kujua mama anakwenda kuishi kwa nani. Asubuhi, akichoma vikate vya vafler jikoni, aliwasikia wakibishana sebuleni.

"Tutavutana mpaka lini?" Eivind aliuliza.

"Basi tumchezee," Turid akajibu. "Kama zamani. Raundi kumi, hakuna kurudia, na hakuna kununa."

Mambo mengi ya nyumba ile yaliamuliwa kwa mashine hiyo ya michezo tangu wakiwa shule: nani akae kiti cha mbele kwenye gari, nani aoshe masufuria. Borghild mwenyewe ndiye aliyeinunua, wanawe waache kupigana. Alisimama pale na mwiko mkononi, machozi yakamlengalenga. Watoto wamchezee yeye! Vafler mbili zikaungua.

Lakini tuseme ukweli, mama naye alikuwa na upande wake. Alimtaka Turid. Turid ana nyumba ya chini kule Lillehammer, haina ngazi hata moja, ina bustani, ina wajukuu wawili wanaomrukia bibi yao mpaka miwani inaanguka. Eivind anakaa Oslo, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Akipandishwa kule na nyonga ile, kushuka tena ni majaliwa. Halafu yule mkewe, Marte! Krismasi iliyopita alimwondolea kikombe mkononi akaenda kukiosha, na kahawa ilikuwa bado imo.

"Legeza mkono, Turid," Borghild akasema. "Unakaza mno. Pindisha kidogo mwishoni."

"Mama! Unamfundisha!"

"Nimesema tu jamani. Mdomo si wangu?"

Turid akalegeza, akapindisha. Pini tisa, kisha ile moja iliyobaki. Akapiga kelele utadhani amejifungua.

Wakaenda hivyo, huyu juu, yule juu, hadi raundi ya mwisho. Turid akamaliza zake. Eivind akapiga hesabu kwenye kioo cha televisheni, akacheka: kwa mtupo wake wa mwisho alihitaji pini tatu tu. Simu yake ikalia. Marte.

"Bado kidogo," akamwambia. "Tulia mke wangu, nashinda. Nakuapia, nashinda."

Borghild akashtuka. Kumbe hata Marte? Alijisikia vibaya kidogo kwa yote aliyowahi kumsema, lakini si vibaya kiasi cha kupanda ghorofa nne.

"Tatu tu, Dada!" Eivind akaibusu rimoti. "Hata nikifumba macho!"

Turid alikuwa ameziba uso kwa viganja, mabega yakimtetemeka.

Moyo wa mama ukakatika. Akainuka, nyonga ikimchoma, akachukua sinia ya kahawa. Alikijua vizuri kile kijikamera kilichokaa juu ya televisheni. Kinaifuata taa ya rimoti, na ukikikinga tu, hakioni kitu. Alikuwa akiwafanyia hivyo zamani, chakula kikipoa na wao hawasikii. Akangoja Eivind arudishe mkono nyuma. Mkono ulipokuja mbele, akapita.

Tufe likaenda pembeni, likatumbukia mferejini. Sifuri.

"Mama! Umenikinga!"

"Kahawa inapoa, mwanangu."

"Turudie! Hiyo haihesabiki!"

"Hakuna kurudia," Turid akasema. "Ulikubali mwenyewe, Eivind. Ulikubali."

Eivind akakaa chini sakafuni, kichwa mikononi. Borghild akamwonea huruma, maana huyu naye ni wake, kitinda mimba wake. Akainama kwa shida, akampapasa upara.

"Usihuzunike, baba. Nitakuwa nakuja kukutembelea."

Eivind akamwandikia mkewe ujumbe.

Turid alimrukia mama, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, analia, anacheka, anambusu mashavu. "Asante, Mama! Asante! Umeniokoa, wallahi umeniokoa!"

Borghild naye akalia. Ilikuwa miaka tangu mtu amshike hivyo. Akavaa koti lake zuri, lile la kanisani, akatoka uani akijikongoja, akaenda moja kwa moja kwenye gari la Turid na kusimama mlangoni, akingoja kufunguliwa.

Turid akampita na sanduku, akalitua miguuni kwa mdogo wake, aliyekuwa ametoka akasimama kando ya gari lake.

"Fungua buti," akasema. "Mama anakwenda kwako. Mimi nimeshinda."